Sauti ya Mama Yako na Kompyuta Iliyochoka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni, nilipoipakata kompyuta kutoka nyumbani Ipuli hadi kwa Fundi Hamisi, mzee aliyekuwa akitengeneza kompyuta mjini Tabora.

Mama yako alikuwa ametuacha miezi michache kabla. Nyimbo alizoongoza kwenye kwaya nilizirekodi mwenyewe, na zote zilikuwa ndani ya kompyuta ile. Nakala nyingine sikuwa nayo. Kule Goweko ndugu zake walikuwa wanajiandaa kusimika msalaba kaburini, nami nilikuwa nimewaahidi kwamba siku hiyo watamsikia. Lakini kompyuta ilikuwa nzito mno. Ukifungua wimbo, unachemsha chai, unakunywa, bado haujafunguka. Rafiki zangu wakaniambia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imepitwa na wakati. Nikaamini.

"Shikamoo, mzee," nikamsalimu fundi. "Naomba unibadilishie prosesa. Nataka iwe na kasi."

"Marahaba. Ndani umeweka nini?"

Swali hilo sikulitarajia. Nikamweleza habari za mama yako na nyimbo zake. Fundi aliiwasha kompyuta, akainamisha sikio, akanifanyia ishara nami nisikilize. Kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga, kisha kimya, kisha unagonga tena.

"Hiyo ni diski, inayohifadhi vitu vyako vyote," akasema. "Prosesa yako ni nzima. Inamaliza kazi yake, halafu inakaa kuingoja diski. Memori nayo, inaposhikiliwa kazi ya wakati huo, ni ndogo, kwa hiyo kazi inayozidi inarudishwa hukohuko kwenye diski, na diski yenyewe inakufa. Hata nikikuwekea prosesa mpya, nayo itangoja."

Nikamwambia basi aongeze memori upesi, maana safari ya Goweko imekaribia. Hapo akanikazia macho.

"Kijana, leo achana na kasi. Kwanza tumtoe mkeo humu."

Akaichomoa diski, akaiunga kwenye kompyuta yake, tukaanza kunakili wimbo mmoja mmoja. Nilikaa pale nimekunja mikono kama mtu aliye nje ya wodi. Nyingine zilikuja, nyingine zikakwama katikati. Alasiri diski ikanyamaza kabisa, na wimbo alioimba siku ya harusi yetu ukabaki humo. Fundi alijaribu tena na tena, kisha akaniwekea mkono begani. "Pole, baba. Huu umekwenda."

Akaniwekea diski mpya na memori ya kutosha. Prosesa ikabaki ileile ya zamani, na kompyuta ikafanya kazi vizuri kwa miaka.

Goweko, sauti ilipotoka kwenye spika, bibi yako alijifunika uso kwa kanga. Wimbo ulipoisha akasema, "Mrudishe tena." Tukamrudisha mpaka jua likatua. Sauti unayoijua wewe kuwa ya mama yako ndiyo ile tuliyoiokoa siku hiyo.

Sasa unakwenda chuoni, na umeniuliza ununue kompyuta ya namna gani. Mwanangu, usidanganyike na prosesa peke yake, ingawa ukihariri video itakufaa iwe na nguvu. Hakikisha memori ni ya kutosha. Hifadhi yake iwe SSD, isiyozunguka, maana mashine nyingi zinazoitwa nzito zinangoja diski tu. Kadi ya picha ifikirie kama kazi yako ni video na michoro. Kwa kuandika tu, haina haraka. Na ile uliyo nayo ikianza kuwa nzito ghafla, usikimbilie dukani. Nakili kwanza vitu vyako, uviweke mahali pengine, ndipo utafute ugonjwa. Vifaa vyote nilivyovitaja vinauzwa. Wimbo wa harusi yetu nimeutafuta kwa kila mwanakwaya, hakuna aliyekuwa nao.

Nenda salama, binti yangu. Mungu akufungulie akili, akupe mwalimu mwenye subira, na kila utakachokabidhiwa na watu kisipotelee mikononi mwako.