Siku Koko Alipozuia Kikohozi

Jumapili iliyopita mzee mmoja alikohoa nyuma yetu kanisani, na Papa akageuka upesi kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mimi nilijua mawazo yake yamekwenda wapi. Acha nikusimulie, rafiki, ingawa mimi si mtu wa kusema mengi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tonton, mdogo wake Papa, alikuwa anahamia mbali kikazi, na kabla gari lake halijaondoka Bukavu alitaka kumpeleka Koko, mama yao, kwenye mbuga ya Kahuzi. Koko alizaliwa upande wa Lwiro. Alipokuwa msichana, akiokota kuni pembeni ya msitu, alisikia gorila akijipiga kifua. Wanawake wote walitupa mizigo wakakimbia. Tangu hapo alikuwa akisema, "Sauti yake naijua. Sura yake, bado."

Lakini juma lile alikuwa na kikohozi. Walinzi wa mbuga hawamruhusu mtu anayekohoa, kwa sababu gorila huambukizwa magonjwa yetu. Maman, mama yangu mimi, alimnywesha tangawizi na asali tangu alfajiri. Papa, mtu wa ofisi asiyependa uongo, alimwambia Koko mara moja tu, "Maman, wakiuliza, utasema kweli."

"Nitanyamaza," Koko akajibu. "Kunyamaza si uongo."

Tulitoka Bukavu kwenye manyunyu, tukakata kushoto pale Miti, tukapanda katikati ya mashamba ya chai. Tonton alikuwa amezima muziki. Tulikula ndizi za kuchemsha na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, lakini Koko alikataa samaki, akiogopa wasimkwaruze koo. Kila shimo la barabara alibana kitenge mdomoni. Nilikuwa nimeegemea ubavu wake, nikasikia kifua chake kikiruka kama kuku ndani ya kikapu.

Langoni kulikuwa na baridi na harufu ya majani mabichi. Watoto hawakuruhusiwa kuingia msituni, kwa hiyo mimi ningebaki na Maman. Mlinzi aliwauliza Papa na Tonton maswali yake. Koko alisimama wima, akiitika kwa kichwa. Alikuwa karibu kupita.

Kisha mlinzi akauliza anatoka wapi, na Maman akajibu kwa ajili yake. Kumbe mlinzi naye alikuwa mtoto wa Lwiro! Akainama, akapiga makofi polepole, akamsalimu kwa Mashi, lugha ya kwao, kama mtu anavyomsalimu mama yake: afya, watoto, ng'ombe, kilima. Kwetu salamu ya namna hiyo haijibiwi kwa kichwa. Kuiacha hewani ni kumtupa mtu.

Koko akamtazama Papa. Kisha akaitikia. Alipofika kwenye ng'ombe, kikohozi kikamshinda.

"Ni vumbi," alisema.

"Vumbi na hii mvua, Maman?" Mlinzi hakucheka. "Pardon. Wewe unaponaka na dawa. Wao kule msituni, nani atawapelekea?"

"Basi tunarudi wote," Papa akasema.

Koko akawaka. "Nani alikuambia turudi? Enda! Angalia muzuri. Usiniletee habari ya ofisi."

Walikwenda. Tulingoja sana kwenye benchi, Koko bila kuondoa macho kwenye njia. Walirudi na tope hadi magotini.

"Eh? Sema," Koko akamwambia Papa.

"Iko mukubwa, Maman."

"Mukubwa namna gani?"

"Mukubwa sana."

Tonton akacheka. Koko akageuza uso, na nikaona machozi yake. Hapo Papa akaangusha fimbo aliyotembelea msituni. Akainama, akakanyagia ngumi kwenye tope, akatembea hivyo mbele ya walinzi. Akavuta tawi, akatafuna jani, akajikuna kwapa taratibu, akatutazama kwa dharau. Kisha akasimama akajipiga kifua.

"Ni yeye!" Koko akapiga kelele. "Ni ile sauti!" Akacheka, akakohoa apendavyo, na hakuna aliyemzuia.

Koko amefariki. Tonton yuko mbali. Njia ile siku hizi watu wanaulizia kwanza wenye bunduki gani wanashika vizuizi, kisha wanabaki nyumbani. Papa naye alirudia ukimya wake, na sijawahi tena kumwona akicheza hata mbele ya watoto.

Umri wa kuingia msituni nimeupita, lakini gorila sijamwona. Ninayemjua ni yule mmoja tu, mwenye shati la ofisi na tope magotini, akimchungulia mama yake aone kama ametosheka.