Paa la Nyumba ya Eda

Kikundi chetu cha kujitolea kanisani kilitoka Kaloleni watu kumi na mmoja: wanaume wanane wa kuezeka, na sisi wanawake watatu wa kuwapikia.

Nyumba ilikuwa Malindi, mji wa kale, nyuma ya msikiti. Mzee mwenye nyumba alikuwa ameelewana na fundi wetu kwamba tutambadilishia mabati ya chumba cha kulala kabla ya masika. Wiki tatu kabla ya safari, mzee akafariki. Kwetu nyumba ya msiba hujazwa watu, kwa hiyo fundi akaongeza wanaume wanne, wakawa hao wanane. Alidhani anaongeza faraja.

Malindi ina pande mbili, na kila mwenyeji anaijua barabara inayozitenga. Hawe, bibi yangu mzaa mama, aliuza nazi upande ule wa mji wa kale miaka mingi. Walimsalimu vizuri, wakanunua, lakini hakuwahi kuvuka kizingiti. Nilipofika mlangoni nikajikuta nimesimama pembeni, kama niliyebeba kapu lake.

Jirani, mama mtu mzima aliyevaa buibui, alitoka. Akatutazama, akaitazama ngazi.

"Karibuni sana. Lakini wanaume hawaingii. Bibi yuko eda."

Akatueleza. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Haonekani na wanaume wasio jamaa zake wa karibu, wala halali nyumba nyingine. Na atakayeng'oa mabati ya chumba kile atamwona mpaka kitandani.

"Tumekuja kumfariji, mama," fundi alisema.

"Mfarijini hapo hapo barazani, mwanangu."

Wingu lilikuwa limeshajaa upande wa bahari. Kutoka ndani tukasikia sauti ya mjane mwenyewe: "Jana nimelala nimeketi, godoro nimelikunja, maji yanitiririkia. Na hao watatu wenye masufuria, nao ni wanaume?"

Tulitazamana. Mwenzetu mmoja akaweka sufuria chini. "Makuti nimeshona tangu utotoni," alisema. "Bati litanishinda nini?"

Tukaingia, tukapanda. Fundi, akiwa kichochoroni asikoona kitu, alipaza sauti: "Msumari mgongoni mwa bati, si bondeni! Bondeni ndiko maji hupita!"

"Tumesikia, fundi! Wewe angalia wali usiungue!"

Wanaume wetu waliketi barazani wakimenya vitunguu huku machozi yakiwatoka. Wazee waliotoka kuswali adhuhuri walisimama kuwatazama. "Kanisani kwenu ndivyo mnavyogawana kazi?" mmoja akauliza, na kichochoro kizima kikacheka. Kisha akaenda kwake, akarudi na mbuzi ya kukunia nazi, akaketi kati yao akaanza kukuna.

Mvua ilianza tulipokuwa tunashuka. Mjane alituita chumbani. Alikuwa mwembamba, amejitanda kanga nyeupe, na godoro alikuwa ameshalitandika. Tukaketi juu yake sote wanne, tukitazama juu. Kitanda kikabaki kikavu. Lakini kwenye pembe, karibu na kabati, tone likadondoka, halafu jingine.

"Nani alipiga pale?" aliuliza.

"Ni mimi, bibi," nilisema. "Nilipiga bondeni."

Alisogeza bakuli kwa mguu mpaka likakaa chini ya tone.

"Fundi asiambiwe," alisema. "Jumamosi utarudi uzibe. Na mchana utakula kwangu, humu ndani."