Maji ya Kupasulia Jiwe Kagerankanda

Jumanne, Septemba 16, 1975. Asubuhi ina ukungu mwembamba na baridi. Mvua za vuli bado. Moshi unatoka ardhini, kwenye shimo lenye kina cha mita saba. Pasikali Havyarimana anashusha kandili kwa kamba. Haizimiki.

"Sasa mtu anaweza kushuka," anasema, akifanya ishara ya msalaba.

Pasikali, mchimba visima, alivuka mpaka wa Manyovu mwaka 1972 kama mkimbizi, akiwa na mke na sururu. Kijiji hiki kipya cha Kagerankanda kinampa debe la mahindi kwa wiki.

Kinachomsumbua ni jiwe jeusi lenye madoa meupe kama maharage. Afisa madini aliyepita Julai alieleza kuwa ni lava: uji wa moto uliomwagika zamani mno, ukapoa, kisha mwingine ukamwagika juu yake. Madoa ni mapovu yaliyojaa madini baadaye. Kati ya tabaka na tabaka kuna mawe mekundu yaliyooza, na huko ndiko maji hukaa.

Chini ya tabaka la kwanza palikuwa na unyevu tu. Katika la pili sururu inadunda, na baruti hakuna. Pasikali huchoma kuni juu ya jiwe usiku kucha, asubuhi hulimwagia maji ya baridi lipasuke. Mvua zikianza kabla hajamaliza, shimo litaporomoka.

Maji hayo hubebwa na wanawake kutoka bondeni, mwendo wa saa nzima. Leo wametua ndoo zao mbali na shimo.

"Mwakeye, mama zangu," Pasikali anawasalimu. "Leteni kabla jiwe halijapoa."

"Jiwe lako linakunywa kuliko ng'ombe," anajibu Maximilla, mama wa watoto watano.

"Na ng'ombe hutoa maziwa," anadakia jirani yake, Pelagia. Wanacheka. Pasikali hacheki.

"Mnataka niache?"

"Tunataka ujue uzito wa maji haya," anasema Maximilla.

Pasikali anavua kofia. Anaiokota ngata ya Maximilla, anajiwekea kichwani. Kicheko kinakatika: hapa mwanamume habebi maji kichwani.

"Sema sasa, wote tusikie," anasema Maximilla.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu: leo nipeni haya. Kuanzia kesho maji ya jiwe nitayabeba mwenyewe, kichwani, mchana kweupe, mpaka kisima kitoe yenu."