Jiko la Philister Halimo Kwenye Picha

Ukitoka Hurlingham ukashuka upande wa Kilimani, kuna kabarabara kembamba ambako magari mawili yakikutana lazima moja lirudi nyuma. Katikati yake palikuwa na ua wa kayaba, ule wa miiba wa kizamani. Mbuzi hapiti, mwizi hapiti. Nyuma ya ua ilikuwepo nyumba ya chini yenye paa la vigae, mali ya mama mmoja aliyeitwa Wanjira. Na mbele ya ua, kwenye kile kipande cha udongo kati ya miiba na lami, ndipo Philister Nasimiyu alipoweka jiko lake, tangu mtoto wake Bramwel akibebwa mgongoni. Bramwel sasa ana mke na anakaa Eldoret. Mama yake bado ni Mama Bramwel, na bado anapika.

Mimi ni mtu wa kutembea. Nikitoka Kawangware asubuhi huwa sina haraka ya kwenda popote, na miguu ikichoka nakaa kwenye benchi lake. Habari hizi nimezipata hapo, nyingine kwa macho, nyingine kwa kinywa chake mwenyewe akichagua maharagwe.

Alikuja Nairobi kutoka Kimilili kumfuata mume wake, fundi wa mawe. Alikuwa akimpelekea chakula cha mchana kwenye mjengo, mafundi wenzake wakaonja, wakasema, mama, kesho leta na yetu. Basi kazi ikaanza hivyo, haikuwa na siku ya kuzaliwa. Mume alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, sufuria zilikuwa zimeshakuwa tatu. Wanjira alimwona akipikia kando ya barabara kwenye vumbi, akatoka akamwambia, "Wewe mama, utakaanga mchanga mpaka lini? Njoo kwa gate yangu, kuna kivuli. Maji nitakupitishia mpira kwa ua." Kweli akapitisha mpira kati ya miiba, na mpira ule ukakaa hapo miaka yote, mpaka kayaba ikaukumbatia.

Wakati ule kabarabara kote palikuwa nyumba za bustani, familia moja moja. Zikaanza kubomolewa moja baada ya nyingine, magorofa yakapanda. Watu wengi walililia bustani. Philister hakulia, kwa sababu kila nyumba iliyobomolewa ilimletea mafundi, na mafundi ndio wanaokula kwake. Wale wanaohamia kwenye ghorofa zikishakwisha hawali kwake. Wao huletewa chakula na pikipiki. "Unaona hizi zote, mzee?" aliniambia siku moja akinyoosha mwiko hewani. "Zimesimama na maharagwe yangu."

Kuna desturi moja ilishikana naye. Mafundi wakianza mjengo mpya, kabla jembe la kwanza halijaingia chini, humwita awaombee. Ilianza mwaka ambao kijana wa kwao alianguka kutoka ghorofa ya tatu. Tangu hapo hakuna nyapara wa huko anayechimba msingi bila Mama Bramwel. Hufunga leso, husimama penye vigingi, na sala ni ileile siku zote: Bwana abariki mahali hapa, abariki mikono ya wanaojenga, jengo hili lisimame imara, mtu asianguke. Mafundi hujibu Amina, kisha jembe linaingia.

Wanjira akafa. Mtoto wake Clifford, ambaye utotoni alikuwa akitoroka chakula cha kwao ili ale cha Philister nje, alirudi na watu wenye kofia ngumu. Wiki iliyofuata kibao cha bati kilisimikwa hatua chache tu kutoka jikoni. Kilisema mwenye ploti anataka kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka nyumba ya familia moja kuwa ghorofa kumi na nane, na mwenye pingamizi aandikie kaunti katika siku kumi na nne.

Philister alikisoma, akarudi kugeuza chapati. Nilimwuliza anaonaje.

"Nione nini? Wakijenga nina wateja. Wakimaliza kujenga, gate yao ya magari itapita hapa nimekaa. Wasipojenga, nitabaki na nyumba tupu nyuma yangu na hakuna mtu wa kula. Huko kwingine kote wamemaliza."

Clifford alikuja mwenyewe, akala kwanza, maana ana adabu.

"Auntie, wewe unanijua. Mimi ni mtoto wako. Huu mjengo ni miaka miwili, watu zaidi ya mia. Utapika mpaka mikono ikatae."

"Na baadaye, Cliff?"

"Baadaye tutaona."

"Mama yako hakuniambia tutaona. Aliniambia kaa."

Clifford akaangalia viatu vyake. "Maisha ya mum na ya saa hii si sawa, Auntie."

Jioni yake akaja Haron, mwenyekiti wa chama cha wakazi, mtu mstaafu wa benki anayetembea na mbwa wawili. Alimwambia kwamba yeye Haron akipinga, kaunti itasema ni tajiri analilia kivuli. Lakini akipinga mama wa kibanda, watasikiliza. "Wewe ndiye mwananchi wa kawaida, Mama Bramwel. Hiyo kitu sisi hatuna." Philister akamwambia atafikiria. Kufikiria kwenyewe ni kwa namna gani? Kumpinga Clifford ni kumpinga Wanjira ndani ya kaburi, baada ya maji ya miaka yote ile. Kumuunga mkono Clifford ni kujichimbia kaburi lake mwenyewe.

Mkutano wa wenyeji ulifanyika Jumamosi ndani ya ua wenyewe, kwenye hema, viti vya plastiki. Clifford alimpa Philister kazi ya chai na mandazi, naye akaipokea. Kwa hiyo siku ambayo mahali pake palikuwa panapimwa, yeye alikuwa akizunguka na birika.

Kaunti ilimtuma afisa wa mipango, binti wa Mombasa aitwaye Afnan, mpole, mwenye sauti ya kusikika. Kabla hajaanza, mtu akasema mkutano haufunguliwi hivihivi, nani atatuombea? Mafundi waliokuja kusikiliza wakapaza sauti nyuma, "Mama Bramwel! Mathe!" Hakukuwa na wa kuuliza zaidi.

Philister akaweka birika chini. Akakaza leso, akafumba macho, na mdomo ukaenda njia unayoijua. "Bwana, bariki mahali hapa. Bariki mikono ya wanaojenga. Jengo hili lisimame imara, mtu asianguke."

"Amina!" Hema zima, Haron naye, na kwa nguvu, maana ni mzee wa kanisa.

Halafu Clifford akacheka, si kwa ubaya. "Basi jamani, si tumemaliza? Mumeomba wenyewe lisimame."

Mafundi wakaangua kicheko. Haron akageuka kwenye kiti chake. "Mama Bramwel! Umetuuza na sala?"

"Niliomba mtu asianguke," Philister akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Sijui kuomba ingine."

Afnan akatuliza watu. Akasema Amina haihesabiwi, si pingamizi wala si kibali. Akaeleza kinachopimwa: barabara inabeba magari kiasi gani, bomba la maji taka linatosha au litafurika, maji yapo au hayapo, gari la zimamoto litageukia wapi, jirani atabakiwa na jua au la. Kisha maneno ya wenyeji yanaongezwa, na kamati inakaa. "Hatumpi mtu mmoja yote," akasema. "Tunatafuta pale ambapo kila mmoja anaweza kuishi."

Watu wa Clifford wakainua picha kubwa ya jengo litakavyokuwa. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Kioo, miti, anga la bluu lisilo na vumbi. Philister alisogea na birika lake, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole.

"Huyu ni nani?"

Palipokuwa jiko lake, mchoraji alikuwa amechora mwanamke mwembamba wa miwani ya jua akiongoza mbwa mdogo mweupe.

"Huyo ni mtu tu, Auntie," Clifford akasema. "Ni wa kupamba."

"Amesimama kwa jiko yangu."

Watu wakacheka tena. Fidel, nyapara mmoja aliyekuwa nyuma, akasema, "Mathe, hata wewe tukikupatia mbwa utaingia hapo!"

Haron akaona nafasi yake. Akasimama, akatoa barua ya chama akaisoma: barabara ni nyembamba, bomba ni la zamani, jua litazibwa. Philister alikuwa akiitikia kwa kichwa. Hoja ya nne ikasema kwamba mijengo imeleta vibanda vya chakula kando ya barabara, moshi na uchafu, na wakazi wanaomba viondolewe. Kisha Haron akamnyooshea kalamu. "Njoo uweke sahihi, mama."

Hakuipokea. "Umesoma hiyo ya nne ukiniangalia?"

"Hiyo si wewe. Hiyo ni vibanda kwa jumla."

"Mimi ndiyo jumla, Haron. Hapa kuna kingine?"

Haron alikaa na kalamu mkononi. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani alikuwa amekunywa chai ya pale siku nyingi, akaacha kuona inatoka wapi.

Philister akamgeukia Afnan. "Wewe binti, hiyo mizani yenu, mimi naingia upande gani?"

Afnan alifungua ramani, nikaona hakupenda kusema anachokwenda kusema. "Mama, hapo unapopikia si ploti. Ni hifadhi ya barabara. Kwa ramani hapo hakuna mtu."

"Na hii chai mumekunywa, imepikwa na hakuna mtu?"

Hema likapasuka kwa kicheko na makofi. Hata Afnan alitabasamu, akaandika kitu. Lakini alimwambia ukweli: akitaka kamati imtazame, alete pingamizi lake mwenyewe, au ombi lake. Philister akasema sawa. Mkutano ukafungwa na Mzee Taib, mwalimu wa madrasa ya watoto anayekaa ghorofa ya jirani, maana akifungua Mkristo hufunga Mwislamu. Akainua mikono akamwomba Mola asimpe mmoja riziki kwa kumpokonya mwingine. "Amina," tukasema wote. Clifford naye alisema.

Ombi hakuandika. Nilimwuliza, akasema ataandika kuomba nini? Abaki, huku mjengo usijengwe, afe njaa? Mjengo ujengwe, abaki kwenye gate ya watu? "Nikiandikia serikali kwamba niko barabarani, si nimewaonyesha mahali pa kunitoa?" Alizunguka siku kadhaa akitafuta mahali pengine. Kila kona ya Kilimani ilikuwa na mama yake wa kupika, na kila mama alimkaribisha vizuri na hakusogea.

Uamuzi ukatoka baada ya miezi. Kamati ilipima kama Afnan alivyosema, na sina la kuwalaumu. Ghorofa zilipunguzwa zikawa kumi na mbili, Clifford akanuna. Bomba la maji taka akaambiwa alibadilishe kwa gharama yake. Na kwa kuwa wakazi walilia barabara ni nyembamba, naye mwenye ploti alitaka pa kuingilia, ikaamriwa kwamba kabla watu hawajahamia, barabara ipanuliwe upande wa ua, na kando yake pawe njia safi ya watembea kwa miguu. Haron alifurahi. Clifford, baada ya kununa, alifurahi pia. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake kipande, na vile vipande viwili vilikutana palepale penye jiko.

Kayaba iling'olewa kwa mashine. Mpira wa maji ulitoka na mizizi, umebanwa katikati kama kidole kwenye pete. Philister aliukunja akauweka chini ya meza.

Asubuhi ya kuchimba msingi Fidel alikuja kumwita. Yeye ndiye aliyepewa unyapara. Nilidhani atakataa, na Fidel naye alidhani hivyo, kwa sababu alisimama mbali kidogo akivua kofia.

"Mathe, vijana wamekataa kuanza."

Akakaza leso. Akaenda hadi penye vigingi, akaomba ileile, hakupunguza neno. Niliposema kwamba nimeshangaa, aliniangalia kama mtu asiye na akili. "Mtu akianguka, mzee, ataulizwa kwanza mjengo ni wa nani? Vijana ni watoto wa watu."

Sasa ni mwaka na zaidi. Wateja ni wengi kuliko wakati wowote. Ameongeza sufuria, na benchi langu lazima niliwahi. Kila wakila wanapanda, na kila wakipanda, ile njia safi ya miguu inakaribia. Jua la asubuhi lilikuwa likimfikia saa mbili, siku hizi halimfikii. Anaonja mchuzi akiwa amejifunga sweta.

Juzi Fidel alishuka mapema, simiti hadi kwenye nyusi.

"Mathe, leo tunamwaga slabu ya ghorofa ya kumi. Chakula isichelewe. Saa sita."

"Na ikichelewa?"

"Vijana watalegea. Hatutamaliza leo."

"Na msipomaliza leo?"

Fidel akaelewa. Akajikuna shingo, akatazama juu kwenye vyuma, akamtazama. "Si basi... ni siku moja tu utaongeza hapa, mathe. Kesho tutamwaga."

Philister alikaa ameshika kifuniko, mvuke ukimpanda usoni. Nilisikia mashine ya kuchanganya simiti ikizunguka. Kisha akafunua.

"Leta sahani. Na uwaambie wasishuke kwa kukimbia, hizo ngazi zina maji."

Akapakua, akaongeza mwiko wa pili bila kuombwa.