Msumeno wa Baba

Nafundisha Fasihi kidato cha tano hapa Moshi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitanua kifua kila tunapofika kwenye hadithi za kisasi. Vitabuni, mzazi aliyeumiziwa mtoto hachelewi: anachukua panga, anachoma ghala, anamvizia mtu njiani. Wanafunzi huniuliza kama huo ni upendo au wazimu tu. Mimi hujibu haraka kwamba ni upendo, maana nilijiona nina ushahidi. Baba yangu aliwahi kunilipizia.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa, juu ya mparachichi wa jirani yetu kule Kirua Vunjo, nikiiba. Jirani alirusha kipande cha kuni kunitisha, kikanipata, nikaanguka na mguu ukavunjika. Kukiwa na baridi nachechemea hadi leo. Wiki chache baadaye, nimelala kando ya dirisha na plasta hadi pajani, nilimwona baba asubuhi akirudi kutoka upande wa jirani, msumeno begani, suruali imejaa unga wa mbao. Nilipoweza kusimama nikajionea: kahawa yote ya jirani imekatwa, vimebaki visiki vya magotini. Sikumuuliza baba kitu. Nilimpenda tu, kuliko nilivyowahi kumpenda kabla. Visiki vilipochipua tena, nikasema moyoni kwamba kahawa ni mti mbishi.

Haya yote niliyaandika. Hadithi ikatoka kitabuni pamoja na za wenzangu, na nilikuwa nimebadilisha kila cha kututambulisha isipokuwa ule mparachichi, ambao kijiji kizima kinaujua. Ulikuwa upumbavu, nakiri. Haukupita muda baba akanipigia simu. "Jumamosi upande uje nyumbani," alisema. "Jirani amesoma kitabu chako."

Huku kwetu kahawa ya mtu ndiyo ada ya watoto wake na bati la nyumba yake. Ukiikata, umemkata mwenyewe. Baba ni mzee wa kanisa, na yeye na huyo jirani hukaa benchi moja kila Jumapili. Nami, kwa kutaka kusifiwa, nilikuwa nimempelekea jirani ushahidi wa maandishi dhidi ya baba yangu.

Niliwakuta uani, wamekaa pamoja, kitabu kiko magotini kwa jirani. Nikawapa shikamoo zao. Jirani akavaa miwani.

"Mwalimu, humu ndani nimeshika kichwa, nalilia visiki vyangu."

"Ndiyo, mzee." Nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Na baba yako amekata visiki mshazari, kwa hasira."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mshazari ni wa kuteremsha maji ya mvua, kisiki kisioze. Bwana shamba ndiye aliyetuelekeza. Kahawa yangu ilikuwa imezeeka, ilibidi ikatwe ichipue upya, na msumeno mzuri alikuwa nao baba yako. Sasa mbona hukuandika kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeshika miti isipasuke, yeye akikata?"

Baba alikuwa ameshaanza kucheka, kile kicheko chake cha mabega. Mimi nilikaa chini palepale, kwenye majani ya mgomba waliyokuwa wamemkatia ng'ombe, nikacheka hadi machozi. Sijui kama nimewahi kujisikia mwepesi namna ile. Baba yangu hakuwa na hatia yoyote. Jirani aliomba nimwandikie jina lake mbele ya kitabu, akaenda nacho nyumbani.

Alipoondoka, kitu kikanichoma. Nina watoto wangu sasa, nina mvi, lakini niliuliza kama mtoto wa miaka tisa.

"Kwa hiyo baba, hukumfanya kitu?"

Akavua kofia.

"Siku ile ile nilichukua panga. Nikafika kwenye uzio wake, nikasimama. Hospitali walikuwa wamesema uletwe kila Jumatatu. Nikajiuliza, mimi nikifungwa, huyu atabebwa na nani?" Akakung'uta kofia yake gotini. "Nikarudi. Kesho yake akaja mwenyewe na jani la sale mkononi, kuomba msamaha kama mila inavyotaka. Ukishaletewa sale utakataaje? Lakini nilikuwa bado na hasira, mama. Nyingi."

Ndipo nikazikumbuka zile Jumatatu. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni mteremko mtupu, na masika ni tope. Baba alinibeba mgongoni, plasta ikimgonga paja kila hatua, akiniambia nishike mabega nisimnyonge. Jioni alinipandisha vivyo hivyo. Ilikuwa miezi mitatu.

Hakuna hata Jumatatu moja kwenye hadithi yangu. Nilipokuwa naandika, niliona hapo hapakutokea kitu.