Fundi Mohinder na Mpira wa Petroli

Unaweza kucheka ukitaka, hata ndugu zangu walicheka. Lakini mimi nilikuwa pale, na mke wangu Nyambura alikuwa pale, na hakuna kati yetu aliyekuwa amekunywa kitu isipokuwa maji.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu hapa Nakuru, nikikaa Bondeni, na nilikuwa na kombi kuukuu niliyoinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ndani ilikuwa na kitanda, mapazia na stovu ndogo ya gesi. Nyambura aliipenda kuliko nyumba. Aliyekuwa akiitengeneza ni Fundi Mohinder, Kalasinga mzee mwenye gereji upande wa pili wa mji, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Kila nikienda ananionyesha mpira unaopeleka petroli kwenye injini, jinsi ulivyokauka na kupasuka pasuka.

"Mwalimu, badilisha hii," anasema. "Petroli na injini moto si marafiki."

Nami namjibu, mwisho wa mwezi. Mwishowe niliona haya, nikaacha kabisa kupita kwake. Miezi miwili hivi.

Jumamosi moja alasiri tulikuwa tunaenda Subukia kwa mama mkwe. Nyambura alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulipopita Bahati ukungu ulishuka mzito, nikaegesha kando tungoje upungue. Nilisikia harufu ya petroli, lakini nikajiambia ni debe la petroli ya akiba tulilobeba. Nikateremka kunyoosha miguu. Nyambura akasema atachemsha chai.

Ndipo nikamwona Fundi Mohinder amesimama nyuma ya gari, na kilemba chake cha buluu na koti lake la kaki lenye madoa ya grisi. Amefikaje huku? Sikuuliza, kwa sababu aibu ilinishika kwanza.

Hakunisalimia. Aligeukia dirishani akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, weka kibiriti chini. Shuka pole pole."

Nyambura akashuka. Kijiti kilikuwa bado katikati ya vidole vyake.

"Fungua nyuma," Fundi akaniambia. Nikafungua mlango wa injini, ambayo kwenye kombi hukaa nyuma, na niamini, petroli ilikuwa inadondoka tone kwa tone juu ya injini moto. Nikamwomba atengeneze. Akatikisa kichwa.

"Leo sishiki spana. Fanya wewe."

Basi akanielekeza. Kwanza tungoje injini ipoe. Kisha nichomoe mpira na kuuziba kwa kidole, nikate ncha iliyooza, niurudishe, nikaze klempu inayoubana, nipanguse kila mahali mpaka harufu iishe. Nilifanya taratibu, naye akangoja kama mtu anayemngoja mtoto afunge kamba za viatu.

"Hii ni ya kukufikisha tu," akasema. "Jumatatu nunua mpya."

Nilipoinua kichwa kumwambia apande twende naye, hakuwapo. Nyambura akaniuliza, "Fundi ameenda wapi?" Shika hilo neno. Yeye pia alimwona.

Jumatatu nilinunua mpira mpya, nikaenda gerejini kumshukuru. Palikuwa pamefungwa. Mke wake alikuwa ameketi uani akichambua dengu, akaniambia mzee alifariki mwezi uliopita. Nikaketi kando yake nikamweleza yote, nikijua ataniona nimerukwa na akili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa anakohoa?"

"Hapana, mama. Sauti yake ilikuwa safi."

Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Kile kifua kilimtesa mwaka mzima," akasema. "Basi amepona." Akaingia ndani kunipikia chai.

Binti yetu alizaliwa salama, na sasa ana watoto wake. Ile kombi niliiendesha miaka mingi baadaye, nikibadilisha mpira kabla haujazeeka. Mpaka leo siwezi kupita kando ya gari la mtu linalonuka petroli bila kugonga dirisha. Watu wameninunia, na Nyambura huniita mbwa wa polisi. Sijali.

Nawe uliye na gari kuukuu, nakusihi. Ukisikia harufu hiyo, usiitafutie sababu. Zima, shusha watu wako, fungua uangalie. Mimi nilitumiwa mtu. Sijui kama kila mmoja hutumiwa.