Habari za Watu wa Chombo

Juzi nilishuka stendi pale Singida Mjini kununua dawa ya kuku, nikajikuta nimesimama mbele ya kijana anayeuza vitabu vya mtumba juu ya turubai. Nacho kilikuwepo, kimebanwa kati ya Biblia na kitabu cha hesabu: ile riwaya ya watu wanaohama dunia iliyokauka kwenda kuishi kwenye nyota ya mbali. Jalada lilikuwa jingine, jina ni lile lile. Kijana aliniambia nisikidharau kwa uzee wake, maana filamu zote za anga anazotazama zimezaliwa humo. Akaanza kunisimulia hadithi yenyewe, mimi mama mzima, kana kwamba siijui. Nilimwacha amalize. Angejua kitabu hicho kilifanya nini nyumbani kwetu, angeniomba nikae nimsimulie mimi.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nami niko darasa la sita. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba mwenye shati moja jeupe na kitabu kimoja cha Kiingereza, ndicho hicho. Kila Ijumaa mchana wazee walikuja kwenye elimu ya watu wazima, wakabanana nasi kwenye madawati, magoti yakiwafika kidevuni. Mwalimu aliwasomea kwanza gazeti, ambalo lilitufikia likiwa limeshazeeka wiki mbili, kisha bila hata kuvuta pumzi anafungua riwaya na kuitafsiri papo hapo. Akifika penye Kiingereza kigumu alikohoa, akafunua ukurasa wa pili. Ile nyota aliitandaza ikawa kama mbuga ya Wembere, na chombo chao kikawa basi lisilo na vituo. Safari ilikuwa ndefu hivi kwamba watoto waliozaliwa njiani walizeekea humo humo.

Basi wazee wetu hawakuona mpaka wowote kati ya gazeti na riwaya. Zote zilisomwa na mwalimu yule yule, kwa sauti ile ile, kwa hiyo zote zilikuwa habari. Redio ilikwisha kuwaambia kwamba watu wamekanyaga mwezini, sasa ya nyota iwashangaze nini? Jirani yetu mmoja alitaka kujua mwenyekiti wa chombo ni nani, na kama serikali imewapelekea mahindi ya msaada. Mwalimu alieleza mara tatu kwamba hiyo ni hadithi ya kubuni. Jirani alimsikiliza kwa adabu zote.

"Sawa mwalimu, tumekuelewa. Na mifugo wamemwachia nani?"

Bibi yangu hakwenda darasani kwa sababu ya miguu. Habari za watu wa chombo nilimpelekea mimi, kwa Kinyaturu, yeye akiwa amepiga magoti anasaga uwele juu ya jiwe. Nausikia mpaka leo mkwaruzo ule, na harufu ya unga wa moto ukitoka chini ya mikono yake. Kitabuni mlikuwa na mama mmoja mzee aliyebeba mbegu ndani ya kitambaa, akizilinda njia nzima. Bibi alimpenda huyo mama kupita kiasi. Alimwita "mwenzangu". Nikichelewa kurudi shule ananiuliza mwenzangu anaendeleaje kabla hata sijamaliza kusema shikamoo.

Mwaka ule ikaja Operesheni Vijiji. Tulitakiwa tuhamie kijiji kipya kando ya barabara kuu, na malori yangekuja mavuno yakiisha. Bibi alikataa katakata. Kaburi la babu lilikuwa kando ya zizi, tembe, ile nyumba yetu ya udongo, bibi alilijenga kwa mikono yake, na kilindo chake, lile pipa la magome la kuhifadhia nafaka, hakijawahi kukauka tangu aolewe. Baba alimbembeleza, mjumbe wa nyumba kumi akambembeleza, wapi! Watu walinong'ona kwamba watakaobaki watabomolewa nyumba. Mimi niliogopa mpaka mlenda ukanishinda kumeza. Nikiwaza, nilimwona bibi amebaki peke yake pale, jirani hakuna, wa kumtekea maji hakuna.

Ijumaa moja mwalimu akafika mahali ambapo yule mama mzee anafariki njiani, nyota yenyewe haijaonekana. Jirani yetu alivua kofia. Nilirudi nyumbani nikivuta miguu. Bibi alisimamisha jiwe.

"Mwenzangu amefika?"

"Amefika, bibi. Amepanda mbegu, na zimeota."

Sikuwahi kumdanganya kabla ya hapo. Alinitazama kidogo, akaendelea kusaga.

Kesho yake asubuhi alichukua fimbo, akasema anakwenda kwa jirani. Aliporudi alifunua kilindo, akaanza kuchambua mbegu na kuzifunga kwenye pindo la kanga. Baba hakuamini macho yake. Malori yalipokuja, bibi alikuwa wa kwanza kutoa mizigo nje.

Kijiji kipya alikilalamikia mpaka siku ya mwisho. Nyumba zimepangwa mistari, jirani akikohoa unaitikia wewe, bomba linatoa kelele badala ya maji. Lakini alilima, na uwele wake ulikubali. Alivuna misimu miwili, akatutoka. Tulimzika huko huko, mbali na babu, nami nililia kuliko wote kwa kuwa nilijua nani kampeleka. Baada ya mazishi nilimfuata mwalimu, nikamwambia uongo wangu, nikingoja fimbo.

Mwalimu aliniketisha. Akaniambia bibi alikuja shuleni asubuhi ile ile aliyosema anakwenda kwa jirani, akamkuta anafagia uwanja, akamuuliza kama ni kweli mwenzake amefika. Naye, asiyejua mimi nimesema nini, akamjibu kwamba amefia njiani, na mbegu amemwachia mtoto.

"Akaniomba kitu kimoja tu," mwalimu alisema. "Mjukuu wangu asijue kwamba nimeuliza."

Siku hizi pale kwetu pa zamani pamelimwa alizeti. Tembe limerudi kuwa udongo, zizi halijulikani lilikuwa wapi, na vijana hawautaki tena ugali wa uwele, wanataka mweupe. Hayo yote nimeyazoea. Ninayemkumbuka mpaka machozi ni bibi yule juu ya lori, ameketi kwenye magunia, anajua kabisa kwamba, kama mwenzake, safari hii yeye hafiki, na bado ameushika mkono wangu njia nzima ili mimi nisiogope.